Bikoni Iliyokuwa Ndani ya Mto

Ploti yangu ya Dandora ilikuwa na bikoni nne. Bikoni ni lile jiwe la simiti ambalo mpima ardhi huzika kwenye kila pembe, mtu ajue mwisho wa chake. Tatu zilikuwa nchi kavu. Ya nne ilikuwa ndani ya mto.

Sikuiweka huko mimi. Tulipopimiwa, mto ulikuwa mbali, mwembamba kama mshipi. Baadaye ukasogea, ukala ukingo kidogo kidogo. Karatasi yangu haikusogea, nami niliiamini karatasi. Nikajenga vyumba vya kupangisha mpaka chini, viwili vya mwisho vikiangalia maji.

Miaka hiyo ya tisini watu wa kanjo, yaani baraza la jiji, walipita na rangi nyekundu, wakapiga X, alama ya kubomolewa, kwenye hivyo viwili.

"Mama, hapa ni njia ya maji," mkubwa wao akasema.

"Hapa ni kwangu. Bikoni ndiyo ile."

Akachungulia. "Hiyo inaoga, mama."

Wenzake wakacheka. Nikawaambia kama mto ndio ulioingia kwangu, basi waupige mto X. Walipoondoka nikaifuta rangi yao kwa mafuta ya taa. Sijivunii.

Kwenye chumba kimoja alikaa msichana wa kibarua huko Industrial Area, na mtoto wake mchanga. Kile kingine kilikuwa hakijapata mtu. Ikaja mvua kubwa. Jumapili moja nilitoka kanisani nikakuta maji yamefika dirishani kwake. Alikuwa amesimama juu ya kitanda, mtoto begani. Hakuwa akilia. Majirani wakampokea mtoto dirishani, kisha wakamvuta yeye. Aliponifikia, maji yakimchuruzika, akaniuliza, "Mathe, ile rangi ulifuta ilikuwa inasema nini?"

Nikampa chumba changu cha mbele.

Maji yalipopungua niliazima mtaimbo, nikaanza na ukuta wa chini. Kijana wangu wa kwanza akaja mbio kutoka Buruburu, bado na koti la ofisi.

"Mama, umerogwa? Hata kanjo hawajabomoa! Hii ni mali yako!"

"Ndiyo maana nabomoa mimi. Angezama yule mtoto, ungesema ni mali ya nani?"

Kisha akavua koti, akaninyang'anya mtaimbo.

Ploti sikumwachia mtu. Pale vyumba vile vilipokuwa nilipanda nduma, yaani magimbi, maana nduma hupenda miguu yake majini. Mvua ikirudi, itazikuta hizo.

Alikuja bwana mmoja mwenye tai, akitaka nimuuzie sehemu hiyo ya chini ajenge ghorofa.

"Karatasi ni safi, mama?"

"Safi kabisa. Vua viatu."

"Kwa nini?"

"Tuingie nikuonyeshe bikoni."

Aliangalia maji, akaangalia viatu vyake. Nikamwacha hapo, nikainama kupalilia.