Tulivyokwenda Yamumbi Kuomba Ng'ombe Wangoje

Kilichonitoa nyumbani Moiben mpaka Yamumbi, kule upande wa pili wa Eldoret, ni geti la mtu. Mimi binafsi sina ugomvi na hilo geti. Mwenye ugomvi ni jirani yangu Mama Chebet, lakini mkiishi jirani miaka mingi shida za mwenzako zinakuwa kama kuku wake: zinapita kwa ua na kuingia kwako bila hodi.

Wa Moiben mnajua haya, ila karatasi ninayoandika hutembea, wacha nieleze na wa mbali. Mahindi ikikauka, kombaini ya kuvuna inaingia shambani. Mashine nzuri, lakini haina macho. Inaacha hindi hapa, hindi pale, hasa kwa kona na mahali upepo uliangusha mabua. Zamani kombaini ikitoka, akina mama wasio na shamba wanaingia na magunia kuokota. Wakimaliza, ndio ng'ombe wanaingia kula mabua. Hakuna mtu aliandika hiyo sheria. Ilikuwa tu hivyo, kama vile mgeni hula kwanza. Siku hizi ng'ombe wanafuata kombaini karibu wakanyage mkia wake. Mavuno iliyopita Mama Chebet, mjane asiye na shamba hata la kulaza mbuzi, alisimama tangu asubuhi kwa geti la Bwana Kosgei, mwenye shamba kubwa, na gunia begani, akiangalia ng'ombe wakipita mbele yake.

"Mimi naokota," aliniambia jioni hiyo. "Ng'ombe haokoti. Ng'ombe anafagia."

Sasa, kuna muuguzi mmoja anaitwa Sista Akinyi, mtu wa kutoka upande wa ziwa ambaye amekaa Eldoret mpaka anakunywa mursik, maziwa yetu ya kibuyu, kuliko sisi. Alipokuja kliniki yetu alieleza kwamba kuna siku dunia imetenga ya kupinga umaskini uliokithiri, na kwamba watu watakutana Yamumbi. Mwenye umaskini ndiye atasema kwanza. Wakubwa watakaa wasikilize. Na Bwana Kosgei amealikwa, na amekubali.

Mama Chebet alishika hilo la mwisho tu. Nyumbani kwa Kosgei ukifika unasalimiwa na mbwa. Yamumbi hakuna mbwa na hakuna geti.

"Mzee, twende," akaniambia. "Lakini wewe usiongee."

"Sasa unanipeleka wa nini?"

"Wa kukaa karibu. Nikisimama mbele ya watu mdomo yangu inakauka. Nikikuona hapo nitakumbuka nilitoka wapi. Lakini ukianza kuongea, mpaka ufike kwa maneno yangu jua litakuwa limeingia."

Nikaapa kutoongea. Wanaonijua watasema hiyo pekee ilikuwa safari ndefu.

Asubuhi na mapema tulipanda pikapu ya maziwa ya Kimutai. Mama Chebet alikaa mbele na gorogoro moja ya mahindi, kopo la kilo mbili, imefungwa kwa leso, kwa sababu Sista Akinyi alisema kila mtu alete kitu cha kutia kwa sufuria moja. Mimi nikakaa nyuma na mitungi.

"Mzee," Kimutai akapiga kelele kutoka dirishani, "usiipigie hiyo mitungi hadithi. Maziwa itaganda kabla ya kufika mjini!"

"Itaganda kwa vile unaendesha kama mtu amebeba mayai!"

Barabara ilikuwa na mahindi pande zote, imekauka rangi ya simba, mingine imeshavunwa. Ninapenda majira hayo. Marehemu mke wangu alikuwa anasema ukitaka kujua roho ya mtu wa Uasin Gishu usimtembelee wakati wa kupanda, wakati huo kila mtu ni mpole kwa vile anaomba mvua. Mtembelee wakati wa kuvuna. Yule mama alikuwa na sauti! Alikuwa anaanzisha pambio mpaka mbwa wa jirani wananyamaza. Nakuja kwa hayo mapambio, ngojeni.

Eldoret, ambayo sisi wazee bado tunaiita Sisibo, tulifika maduka yakifunguliwa. Mama Chebet akasema lazima anunue gunia, la zamani limetoboka. Nikataka kumwambia anunue baada ya mkutano, kwa sababu gunia bila ruhusa ya kuingia shambani ni blanketi tu. Nikakumbuka kiapo.

Tukaingia kwa duka la magunia na turubai la Mama Halima, Msomali ambaye wazazi wake walikuja kutoka kaskazini na lori, na yeye sasa ana kanta yake mwenyewe, lori dogo la mizigo. Alikuwa amekaa juu ya bale ya magunia akinywa chai.

"Moja tu?" akauliza. "Wenye mahindi wananunua bale nzima."

"Sina mahindi," Mama Chebet akajibu. "Nina gunia. Mahindi naenda kuyaombea njia huko Yamumbi."

Mama Halima akaweka kikombe chini. Akamwangalia mwenzake vizuri, kutoka viatu mpaka kitambaa. "Hata mimi naenda Yamumbi, napeleka turubai ya hema. Ingieni kwa kanta. Na huyu mzee, mbona hasemi? Ni mgonjwa?"

"Amekatazwa," Mama Chebet akasema, na wote wawili wakanicheka mpaka chai ikamwagika.

Yamumbi mkutano ulikuwa kwa uwanja wa shule. Nilitarajia viti vya heshima na mabango. Nilikuta masufuria. Akina mama wa Burnt Forest walikuwa wamekuja na viazi na wanaviambua wamekaa duara, wa kabila hili na kabila lile, visu vinapita mkono kwa mkono. Mnajua yaliyopita huko Burnt Forest, vita vya makabila, sitayarudia. Nasema tu niliwaona wamekaa hivyo na kisu kimoja kikitembea, na nilisimama hapo muda bila sababu nyingine.

Kila mtu akifika anamimina alicholeta. Mahindi, maharagwe, kabichi, mchele wa Mama Halima, gorogoro ya Mama Chebet. Hakuna anayetangaza nani ameleta nini. Bwana Kosgei alikuja na magunia ya unga kwa gari, amevaa koti zuri, akauliza atasimama wapi apigwe picha akigawa.

"Hapa hatugawi, Mzee Kosgei," Sista Akinyi akamwambia kwa upole. "Peleka jikoni, kisha kaa hapa mbele."

Akapeleka jikoni. Nilimheshimu kwa hilo. Kuna mtu angepanda gari arudi kwake.

Kabla ya watu kusema, Sista Akinyi alisimama na simu yake akaipitisha tuone picha. Siku hiyo hiyo, alisema, watu wanakutana hivi katika nchi nyingi. Nikaona watu wa Ufilipino wamesimama mvuani, wengine bila viatu, wameshikana mikono. Nikaona akina mama wa Madagaska wameshona vitambaa vyao vikawa kitambaa kimoja kikubwa kama paa. Nikaona mahali pa ubaridi huko Ulaya, wazee kama mimi wamevaa makoti mazito, wameinama. Nilifikiri umaskini ni wetu peke yetu, kumbe hata huko kwa baridi kuna mtu analala njaa, na kuna mwenzake anamshika mkono.

"Na wote, kila mahali," Sista Akinyi akasema, "wananyamaza kwanza pamoja, kukumbuka wale ambao umaskini uliwamaliza bila mtu kujua majina yao. Tunyamaze."

Tukanyamaza. Hata watoto. Ilikuwa kimya nzuri, unasikia sufuria zikichemka. Nilijivunia watu wangu.

Kisha Mama Chebet akaitwa. Akapewa maiki. Akasema jina lake na anakotoka. Akasema yeye ni mtu wa kuokota. Halafu akamtazama Bwana Kosgei, na mdomo ukakauka kama alivyosema. Akasimama tu. Akatafuta uso wangu.

Sasa mnajua desturi yetu. Kwa matanga, kwa harusi, kwa ushuhuda, mtu akishindwa kusema mbele ya watu hatumwachi pale peke yake. Mama mmoja anaanzisha pambio, wengine wanapokea, yule aliyeshindwa anapangusa macho na kukaa, na tunasema Mungu amesaidia. Ni desturi ya upendo. Basi mama mmoja nyuma akaanza. Uwanja mzima ukapokea na makofi. Na mimi, niliyeapa kutoongea, nikaingia na sauti ya pili. Kuimba hakukuwa kwa kiapo! Sauti ilitoka vizuri sana, nilikuwa nimefunga macho.

Nilipofungua, Mama Chebet alikuwa anarudisha maiki. Hakuwa analia. Alikuwa ananiangalia mimi, kama mtu ambaye alikuwa anavuka mto na mwenzake akaondoa jiwe.

Tulikuwa tumemwimbia akae chini kabla hajasema neno moja la alilolijia. Na mwenye kuitwa baadaye alikuwa ameshainuka.

Ni Mama Halima aliyetuokoa. Yeye mapambio yetu hayajui, kwa hivyo wakati sisi tunaimba yeye alikuwa ameketi anaangalia. Akasimama, akainua mkono wote.

"Jamani! Jamani, samahani. Nyinyi mnaimba vizuri, lakini huyu mama hajamaliza. Hajaanza, hata! Alikuwa anatafuta maneno. Mpeni nafasi atafute."

Watu wakanyamaza, wengine kwa aibu, wengine kwa kukasirika kidogo. Maiki ikarudi. Mama Chebet akaishika na mikono miwili. Akakaa kimya tena, muda mrefu kuliko ule wa kwanza, na nawaambia kungoja ule ukimya ilikuwa kazi kuliko kupalilia. Koo ilikuwa inaniwasha. Mama mmoja karibu yangu alijishika mdomo na leso.

"Bwana Kosgei," Mama Chebet akasema hatimaye. "Unga wako umefika jikoni, asante. Lakini mimi sitaki kupewa unga. Mimi nataka kuingia kabla ya ng'ombe."

Kosgei akageuza kichwa kama hajasikia. "Kabla ya nini?"

"Ng'ombe. Kombaini ikitoka kwa shamba lako, sisi tuingie na magunia. Tukitoka, ng'ombe waingie. Kama zamani za baba yako. Mama yangu aliokota kwa baba yako. Sijaomba mahindi iliyo kwa mashine. Naomba ile mashine imekataa."

"Mama, si ungekuja nyumbani uniambie?"

"Nimekuja. Nimeongea na mbwa wako."

Watu wakacheka, Kosgei naye akacheka, halafu kicheko kikaisha na hakuna mtu aliongeza kitu. Akainama. Akatazama viatu vyake. Na hapo, wenzangu, ndipo nilipoelewa. Kama tungeanzisha pambio wakati huo, tungemwokoa Kosgei. Angepangusa uso, angekaa vizuri kwa kiti, na jambo lingeisha kwa makofi. Nilimwona yule mama wa nyuma akivuta pumzi ya kuanza. Mama Halima akamgeukia na jicho moja tu. Pumzi ikarudi.

Tukangoja. Sufuria zikachemka.

"Sikujua ni wewe unasimama pale," Kosgei akasema, na alisema bila maiki, akimwelekea Mama Chebet. "Nilikuwa naona watu kwa geti. Sikuuliza." Akainua macho. "Ng'ombe watangoja, mama."

Tukala. Chakula cha sufuria moja kina ladha huwezi kuitaja, kwa sababu hujui shukrani uipeleke kwa nani, unaipeleka kwa wote. Kosgei alikula akiwa amekaa kwa nyasi karibu na wa Burnt Forest, na mmoja wao akamwambia koti lake lingefaa kubebea viazi.

Jioni kanta ya Mama Halima ilikuwa inakuja pande za Moiben kuchukua mahindi, ikatubeba. Njiani niliruhusiwa kuongea, lakini ajabu, sikuwa na mengi. Nikamwambia Mama Chebet, "Nilikuimbia."

"Nilikusikia," akasema. "Sauti ya pili. Ulipotoka kidogo mwishoni."

Basi nimejifunza nini, mimi ambaye shule iliniacha darasa la tatu? Nimejifunza kwamba wema wetu una haraka. Tunamwona mtu amesimama na uchungu, sisi ndio tunashindwa kuvumilia, tunaufunika kwa wimbo, kwa unga, kwa picha, na yeye anarudi nyumbani na neno lake tumboni. Wale watu wa Ufilipino kwa mvua, sijui lugha yao, lakini nafikiri walichokuwa wanafanya ni kungoja mtu amalize.

Juzi kombaini ilitoka kwa shamba la Kosgei. Nilikwenda kuona, siwezi kudanganya, nilikwenda mapema. Akina mama walikuwa wamesimama kwa geti, Mama Chebet mbele na lile gunia jipya. Kosgei mwenyewe alikuja kwa miguu akamshika mbwa kamba, akafungua. Kwa muda hakuna mtu aliyesogea. Nikahisi kifua kinajaa, mdomo ukaanza kufunguka wenyewe.

Mama Chebet hakugeuka hata. "Mzee," akasema, "usithubutu."

Wakaingia. Walioimba siku hiyo ni ng'ombe, huko bomani, na waliimba mpaka mama wa mwisho akatoka na gunia lake kichwani.