Kabati Lililocheka

Nikipita mtaa wa Ndosho asubuhi baada ya mvua, karakana za mbao hutoa harufu ya mkaratusi mbichi, kali kama dawa ya kifua. Wengine huipenda. Mimi huvuka barabara.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Papa, baba yangu, alikuwa seremala katika mtaa wa Mabanga. Nyuma ya nyumba, chini ya mabati, alipanga mbao zake juu ya mawe ya volkano, kila ubao ukitengwa na mwenzake kwa vijiti ili upepo upite. Zilikaa hivyo miezi, hata mwaka. "Muti unakufa mara mbili," alipenda kusema, "siku ya shoka na siku ya kukauka. Usiupige musumari mbele ya kifo ya pili."

Jirani yetu, karani wa posta, ndiye pekee mtaani aliyekuwa na televisheni. Jumapili baada ya misa tulijazana sebuleni kwake, viatu tumeviacha mlangoni, kutazama kipindi cha televisheni ya taifa ambamo mzungu mwenye aproni safi alitengeneza samani. Alianza na ubao mtupu. Kabla chai ya karani haijapoa, kabati lilikuwa limesimama, linang'aa. Hakutoka hata jasho. Nilirudi nyumbani nikimtazama Papa, mwenye vumbi hadi kwenye nyusi, kama mtu aliyerudia darasa.

Ndipo akaja Mama Zawadi, muuza maharagwe. Binti yake alikuwa anaolewa baada ya wiki tatu, na kwetu bibi harusi hasindikizwi mikono mitupu. Alitaka kabati. Papa akamwambia mbao kavu zimekwisha, asubiri kiangazi.

Nikadakia: "Kwa televizio kabati wanaimaliza mu nusu saa!"

Mama Zawadi akacheka hadi kitenge kikamlegea. "Muzee, umesikia? Mutoto anakupita kazi! Ao niende nimutafute ule muzungu?"

Papa hakucheka. Alinitazama kwa muda, bila hasira. Heri ingekuwa hasira. Kisha akamwambia Mama Zawadi, "Kuja kuichukua juma moja mbele ya ndoa."

Jumapili iliyofuata alinishangaza: tulipotoka misa, alinifuata kwa karani. Alitazama kipindi chote bila kupepesa macho. Njiani nikamuuliza ameonaje.

"Mbao yake ilikauka," akasema. "Waliikausha wakati sisi hatukuwa tunaangalia."

Nilisikia maneno hayo, sikuyaelewa. Kesho yake alianza kuranda mbao mbichi.

Kabati lilitoka zuri. Lilisindikizwa kwa nyimbo. Lakini miezi miwili haikuisha, mbao zikajikunja, milango ikaachama, na wakwe wakapata la kusema: bibi harusi alikuja na kabati yenye kucheka. Mama Zawadi alisimama uani kwetu akipiga kelele, majirani wote wakisikia, akimuuliza Papa kama alinunua ufundi wake sokoni. Nilikuwa pale, hatua tatu kutoka kwa Papa. Sentensi ya kusema niliijua: kwamba ni mimi niliyemchokoza.

"Ni mikono yangu, mama," Papa akasema. "Mutu mwingine hana kosa."

Alikwenda mwenyewe kwa wakwe kulichukua kabati. Alilibeba mgongoni mchana kweupe, milango ikipigapiga, watoto wakimfuata na kumwimbia jina jipya: Papa Kabati-Inacheka. Jina hilo halikumwachia. Wateja wa kabati za harusi hawakuja tena; alimalizia maisha yake akirekebisha chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo.

Miaka mingi nilijifariji kwamba alikosea tu hesabu ya mbao zake. Sasa nami ni mzee, na mtoto wangu ameshanitazama vile nilivyomtazama Papa nilipotoka kwa karani. Papa alijua vizuri mbao zile zingefanya nini. Alitaka tu, hata kwa wiki chache, mwanawe amwone kuwa fundi.

Alikuwa fundi siku zote. Alikufa sijamwambia.