Mjuaji Asiyejua Kusema Sijui

Katika ukoo wa Chapchap hakuna aliyewahi kutamka "sijui." Babu yake aliulizwa njia na mgeni, akamwelekeza kwa mikono miwili na fimbo, na yule mgeni mpaka leo hajafika. Shangazi yake alimtibu ng'ombe kwa dawa ya kikohozi cha mbuzi. Ng'ombe akafa, lakini hakukohoa. Basi Chapchap, aliyeitwa hivyo kwa sababu alibonyeza kompyuta mpaka herufi zikatoka jasho, alipotengeneza roboti wa kujibu maswali, alimlea kwa adabu za kwao.

Roboti huyo alikuwa wa maktaba ambako Chapchap alifanya kazi kwa majaribio, mwezi wa sita sasa. Ijumaa, Bwana Mkutubi, mkuu wa maktaba, angemjaribu mbele ya watu. Akifaulu, Chapchap anaajiriwa. Akishindwa, anarudi nyumbani kuchambua mchele.

Alimwita Mjuaji. Ukimwandikia swali, Mjuaji alichuja maneno mazito, akayapeleka kwenye ensaiklopidia ya mtandaoni, akavuta makala yenye maneno hayo na kukupa aya ya kwanza. Asipoipata, aliagizwa asirudi mikono mitupu: abebe makala inayokaribia, aitoe bila haya.

Alhamisi, alipotoka kazini, Chapchap alimkalisha bibi yake mbele ya kompyuta.

"Haya bibi, uliza chochote."

"Chochote?" Bibi akasogeza kiti. "Muulize mume wangu alikimbilia wapi."

Mjuaji akajibu: "Mbuni dume hukimbia kilomita sabini kwa saa. Ana shingo ndefu na husaidia kulalia mayai."

Bibi alicheka mpaka kilemba kikamponyoka. "Ndiye! Shingo ndiyo hiyo hiyo! Ila hapo pa kulalia mayai amesingiziwa, yule hakubembeleza hata mtoto."

"Lakini bibi, amekosea. Afadhali nimfundishe kukiri kwamba hajui."

"Utie ukoo aibu? Kwani huko maktaba nani atauliza habari za mume wangu?"

Hilo nalo neno. Chapchap akafunga kompyuta, akala, akalala fofofo.

Ijumaa asubuhi watumishi wote walijipanga ukumbini. Bwana Mkutubi, tumbo mbele, miwani nyuma yake, akaketi, akapasha vidole moto. Alitaka swali la heshima, yaani linalomhusu yeye. Akaandika: "Nani kiongozi wa maktaba hii, na ana sifa gani?"

Ensaiklopidia haikuwa na habari za maktaba hiyo hata chembe. Mjuaji, mtoto wa watu, hakurudi mikono mitupu.

"Kiongozi wa kundi ni nyani dume mzee," akajibu. "Ana makalio mekundu, na hubweka akiona wadogo wanakula."

Mfagizi akauma mpini wa ufagio. Karani wa mlangoni akaanza kukohoa kikohozi kisicho na ugonjwa. Wasingekuwa wamekatazwa na mkuu huyo kula kwenye meza zao za kazi wiki hiyo hiyo, labda wangejizuia. Walicheka mpaka vumbi likashuka toka rafu za juu.

"Nyamazeni!" Bwana Mkutubi akabweka, na hilo likazidisha mambo. Akamgeukia Chapchap. "Wewe binti! Huyu mtu wako ataacha lini kutukana watu? Leo? Kesho? Unaweza kumrekebisha au huwezi?"

Ulimi wa Chapchap ulikuwa tayari na jibu la kwao: kesho mapema, mkuu, usijali. Akalitazama lile swali kwenye kioo, na lile jibu chini yake.

"Sijui, mkuu," akasema. "Kosa ni langu, nilimkataza kukiri. Niache nikae naye mpaka saa tisa, ndipo nikwambie."

Bwana Mkutubi akavua miwani. Miaka thelathini katika jengo lile, mafundi wa paa, wa taa na wa choo walikuwa wamemwapia "kesho," na choo kilikuwa bado kinavuja.

"Saa tisa," akanung'unika. "Na huyo nyani umtoe."

Saa tisa Mjuaji aliulizwa tena, akajibu: "Sijui. Sijapata makala yake." Barua ya ajira ikasainiwa, japo kwa mkono wa hasira.

Jioni bibi akamuuliza Mjuaji swali lake la jana.

"Sijui," akajibu Mjuaji. "Sijapata makala yake."

Bibi akasonya mpaka paka akahama chumba. "Unaona? Jana alikuwa anaropoka vizuri. Leo ameshaongea na yule mume wangu, wanafichiana siri!"