Bakuli Lililorudi Tupu

Mkaza mwanangu ana shahada mbili ukutani, na hajui kurudisha bakuli. Nimelisema mbele ya watu na nitalirudia akiwepo.

Siku nilizokwenda kutolewa mtoto wa jicho, shoga yangu alituletea mbaazi za nazi. Ni jirani yangu hapa Mishomoroni miaka thelathini. Bakuli lilikuwa lile lile la maua ya buluu, ambalo hatukumbuki tena lilianza kuwa la nani. Yeye ni Mkristo, alikuja kutoka bara na mumewe aliyekuwa kazini bandarini, na mila nilimfunza mimi: chombo cha jirani hakirudi kitupu. Huna kitu, tia hata chumvi. Akaishika kuliko waliozaliwa nayo.

Mkaza mwanangu, bibiye, kala mbaazi, kaliosha bakuli kwa sabuni ya kunukia, kalipeleka. Tupu!

Nilirudi nyumbani nikangoja sauti ya shoga yangu ya kila asubuhi. Siku tisa, kimya. Nilipouliza, msomi wangu akanieleza alivyofanya, tena kwa majivuno.

"Kwani nimpelekee nini, mama? Si ana chakula kwake?"

Nilifyonya mpaka jino likauma. Mwanangu naye, bwege, akasema atanunua mabakuli mapya, dazani nzima, yaishe. Yaishe nini? Shoga ananunuliwa kwa dazani?

Mpumbavu wa tatu ni mimi, maana kiburi kilinikalisha siku mbili zaidi. Nilipokwenda, nilimkuta barazani, bakuli liko miguuni pake.

"Chukua," akasema, bila hata salamu. "Nilipofiwa na mume wangu hukulirudisha tupu hata siku moja. Sasa umenichoka, nimeelewa."

Nikajitazama. Mwalimu wa mila, nimekwenda mikono mitupu! Wallahi nilitaka kulia. Nikaufuata mndimu wake pale mlangoni, nikachuma ndimu tatu, nikazitia bakulini nikampa kwa mikono miwili.

Akazitazama.

"Ndimu zangu mwenyewe! Huna haya wewe."

"Sina."

Akacheka huku machozi yanamtoka, mjinga mwenzangu. Nami nikalia, na jicho lenyewe nimekatazwa kulilowesha. Wacha lilowe. Kwa umri wangu huu, mtu wa kuninunia kwa ajili ya bakuli kanibakia huyu mmoja.