Betri za Kutobolewa

Tsss. Kama soda inayofunguliwa polepole. Ni bosi wangu, anatoboa betri ya simu iliyofura kwa sindano ya kushonea, kwenye kibanda chetu cha kutengeneza simu hapa Kitengela. Hewa ilipotoka, aliifinya ikalala, akaifunga na seloteipu, akamuuzia mteja mwingine.

Niliacha shule kidato cha pili, lakini video za betri nilikuwa naziangalia hadi bando liishe. Nikamwambia, "Bosi, ndani kuna tabaka za grafiti, ile nyeusi ya penseli, nyembamba kushinda karatasi. Ukichaji, metali inaitwa lithiamu inaingia katikati yao inatulia. Hewa ikipenya, ama joto likizidi, haitulii tena. Inashika moto."

"Prof wa Kitengela," akacheka. "Kuna mteja amelalamika?"

Mmoja alikuja. Mama wa Kimaasai kutoka Kajiado, tulikuwa tunamwita Yeyo, yaani mama kwa Kimaasai. Simu tuliyomwekea betri ilikuwa imewakia ndani ya shuka yake, akiuza mbuzi kwa jua. Akatuonyesha paja. Ngozi ilikuwa imebambuka kama ganda la kiazi.

Bosi hakumeza hata mate. "Ni huyu msichana alitoboa. Mimi sikuwepo."

Yeyo akaniangalia. "Na vile nilikuwa nakuita mtoto wangu."

Akaenda kabla sijamwambia ukweli. Bosi akarudi kwa redio yake.

Niliendelea kuchekesha wateja, lakini moyoni nilikuwa nimemwekea bosi siku ya kulipa. Ikafika. Simu yake mwenyewe ikafura. "Prof, nibadilishie, naenda kula. Weka ile poa."

Simu yeye huiweka mfuko wa shati, upande wa moyo. Kwa droo kulikuwa na betri tano za sindano. Nikachagua iliyoonekana mbaya zaidi, nikaipachika. Nilikuwa natabasamu, sitadanganya. Kichwani nilimwona akiruka katikati ya barabara, akipiga kifua, na mimi nikimuuliza kama kuna mteja amelalamika.

Lakini vidole vyangu vikakataa kufunga kifuniko. Nilikuwa naona tu lile paja la Yeyo. Nikaitoa, nikamwekea mpya.

Lakini kumsamehe, hapana. Nikazika zote tano kwenye ndoo ya mchanga, zisimchome mwingine. Njia ilikuwa tupu. Nikachukua ile rangi nyekundu ya kuandikia bei, nikaandika kwenye mlango mzima wa kibanda: MWENYE DUKA HUTOBOA BETRI NA SINDANO. YEYO, HAIKUWA MIMI.