Nzi wa Mabawa Mafupi

Kazini walimwita Mama Nzi, naye hakukasirika. Mwenye haki ya kumwita Mama tupu alikuwa mmoja tu, binti yake, na huyo aliishi ng'ambo, simu zake za kuhesabu kwa vidole.

Miaka tisa alikuwa amewalea pale maabara nzi wadogo wa matunda, ukoo wa mabawa mafupi alioubaini kwa macho yake mwenyewe. Sasa maabara nyingine imeleta wa kwao, mabawa mafupi vilevile.

"Wapandishe," Daktari, bosi wake, alisema. "Majike wako, madume wao. Watoto wakiwa na mabawa kamili, kila mzazi ameziba pengo la mwenzake, basi hizo ni jeni mbili. Wakitoka wafupi, jeni ni ileile, na wako tunawamwaga. Nafasi hatuna."

Sharti ni majike waokotwe wangali wanawali, kabla hayajapita masaa manane tangu watoke kwenye vifuko vyao. Ukichelewa, kaka zao wa chupani wamekwisha kukuwahi, na watoto wa ndugu kwa ndugu hutoka wafupi tu. Siku ya kuokota binti akapiga simu. Mama Nzi aliongea mpaka sikio likapata moto, na aliporudi chupani muda ulikuwa umepita. Kidogo tu, akajiambia.

Watoto wakatoka wafupi wote.

Daktari alikuwa ameshaishika chupa ya kumwaga, ndipo Mama Nzi akasema, "Wale majike niliwachelewesha. Nilikuwa kwenye simu." Hakuwahi kukosea kabla, na aibu ilimchoma kwelikweli.

"Kuteleza si kuanguka, Mama Nzi. Rudia, lakini mara hii tu."

Basi akarudia. Na simu nayo, kana kwamba imetumwa, ikalia katikati ya kuokota. Binti. Akaendelea kuokota. Ikalia, ikanyamaza, ikalia tena. Hakupokea.

Alipomaliza akakuta ujumbe: "Mama, nilipita hapa uwanja wa ndege, nilikuwa na masaa matatu tu. Nilitaka uje nikuone. Sasa tunapanda."

Siku kumi baadaye watoto wakatoka, mabawa marefu, kamili, wote. Daktari akampa mkono wa pongezi, akaenda zake mkutanoni. Mama Nzi akabaki na furaha yake, hana wa kumgawia. Akampigia binti. Simu ikalia, ikanyamaza. Akapiga tena.