Kuku wa Mbio za Magari

Miaka ile ya sabini, mume wangu na rafiki yake waligombana kwa ajili ya mbio za magari za Uingereza. Sisi wavuvi wa Nchelenge, kando ya ziwa! Barabara yetu yenyewe ilikuwa mchanga na mashimo, na gari tulilolijua ni lori la samaki. Lakini redio ilikuwa imetuingia vichwani.

Rafiki huyo alikuwa mfanyabiashara wa Kilwa, ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo. Alituletea vitenge, akarudi na samaki wakavu. Redio ya Lusaka ilipomtangaza mshindi, mume wangu alishangilia pale bandarini mbele ya wavuvi wote. Rafiki yake, aliyesikiliza redio ya Kifaransa, akakataa.

"Ule mutu hakushinda! Motokari yake iligongwa pa mwanzo, haikuwa na ruhusa ya kurudia mbio. Weye uko mubongo!"

Kumwita mtu mwongo hadharani si jambo dogo kwetu. Wakubwa wa bandarini wakaamua rafiki huyo alete kuku wa kuomba radhi. Akaleta, nikampika, tukamla kwa ubwali, ugali wetu, sahani moja. Kwa desturi, kuku akishaliwa, neno lile halitajwi tena. Mgeni wetu alikula kidogo sana.

Miezi miwili baadaye lori lilirudi kutoka Kitwe na sabuni yangu, imefungwa kwa gazeti. Mume wangu hakujua Kiingereza. Mimi nilifundishwa kidogo na masista. Nikasoma pale pale nimesimama: mshindi kanyang'anywa ushindi, kwa sababu ileile aliyoisema rafiki yetu. Basi sasa ilikuwa zamu yetu kupeleka kuku. Nilimtazama mume wangu akishona wavu huku akipiga mluzi, nikashindwa. Nililichoma gazeti jikoni, nikijiambia desturi imekataza. Uongo mtupu. Nililinda heshima ya nyumba yangu.

Mvua zilipoanza, rafiki yetu akafa kwa homa. Tulivuka ziwa kwenda kilioni. Mjane wake akapiga magoti mbele ya mume wangu.

"Shemeki, bwana yangu alisema nikuombe tena pardon. Ile maneno ya motokari haikumutoka mu roho mpaka kufa."

"Ilishaisha, mama," mume wangu akamjibu, akamwinua kwa upole.

Nikaangua kilio. Wanawake wakanishika mabega, wakanipa maji, wakasema kweli huyu alimpenda marehemu. Niliyanywa yale maji, nikanyamaza. Nimenyamaza hadi nimemzika mume wangu naye.